Magurudumu Mpakani, Ngazi Darasani



Yeyote kati yenu aliyewahi kupangiwa zamu katika mji wa Busia anawajua watu ninaokusudia kuwazungumzia leo. Ni wale wanaoendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu, miguu yao ikiwa imepooza, wengi wao kwa ugonjwa wa polio uliowapata utotoni. Kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya na kurudi, mizigo ya wafanyabiashara imefungwa mbele na nyuma, na mara nyingine kijana anasukuma kwa nyuma ili mikono ya mwenye chombo ipumzike. Ilizoeleka mpakani kwamba mlemavu mwenye mzigo mdogo asisumbuliwe sana na watu wa forodha. Wenye maduka waliligundua jambo hilo mapema, nao wakawakabidhi mizigo ambayo haikuwa midogo. Sitaki kulifunika neno: mengine yalikuwa magendo, nanyi mliokuwa zamu mnayajua kuliko mimi.

Magendo tutayazungumza siku nyingine. Leo yafaa tuutazame ujuzi wa watu hao. Wataalamu wawili, Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Herbert Muyinda wa Makerere, waliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, wakaonyesha jinsi chombo kilichotolewa ili kimsaidie mtu kutembea kilivyogeuka kuwa chombo cha kazi na cha kuwaunganisha wenyewe kwa wenyewe. Mwendeshaji wa baiskeli hiyo huhesabu kwa shilingi za nchi mbili, na kila asubuhi hujua thamani ya moja kwa nyingine. Nyumbani husema Kisamia au Kiteso, mpakani Kiswahili, na mbele ya karani hujikaza kwa Kiingereza. Madeni huyakumbuka bila daftari.

Nilimwuliza mmoja wao, mtu wa makamo, alisoma hadi darasa la ngapi. Akanijibu kwamba shule aliyopelekwa ilikuwa na vipandio viwili mlangoni. "Mama alikuwa akinibeba," akasema. "Nilipokuwa mzito, akaacha."

Basi ndugu msikilizaji, mtu ambaye serikali mbili zimemwachia njia apite na mzigo wake alizuiwa na vipandio viwili vya shule.

Tuvipime vipandio hivyo kwa futi kamba, kama wafanyavyo wahandisi wa jeshi. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za mteremko. Vipandio viwili vyenye kimo cha sentimita 30 kwa jumla vyahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 3 na sentimita 60. Mlango nao uache nafasi isiyopungua sentimita 80, ili kiti kipite na mikono ya mwenyewe isichubuke kwenye fremu. Hiyo ni mifuko michache ya saruji, mchanga, kokoto na mafundi wawili kwa siku chache. Na tunayazungumza haya mahali gani? Jirani na Tororo, mji ambao umekuwa ukitengeneza saruji tangu miaka ya 1950! Malori yanaondoka pale usiku na mchana kupeleka saruji sehemu zote za nchi, yakizipita njiani shule ambazo milango yake ingali juu ya vipandio.

Lakini shule ya msingi ni mwanzo tu wa safari. Uganda ilipofungua milango ya elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003, waliingia pia watoto ambao hapo kabla wazazi wao waliwaacha nyumbani. Watoto hao wamekwisha kuwa watu wazima, na wale waliovumilia wamefika kwenye malango ya vyuo. Vyuo navyo vimesogea karibu yetu. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia, kando ya barabara kuu iendayo Tororo, na kitivo chake cha sayansi na elimu kiko Nagongera, wilayani Tororo, mahali ambapo walimu walikuwa wakifundishwa tangu zamani. Ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Busia ya Kenya, Chuo Kikuu cha Alupe kilipewa hati yake mwaka 2022.

Jina la Alupe litawakumbusha wazee jambo jingine. Kabla ya habari za chuo, Alupe ilijulikana kwa hospitali yake ya ukoma. Wagonjwa walipelekwa huko wakae mbali na jamaa zao, kwa kuwa watu waliwaogopa. Leo ukoma unatibika kwa dawa za mchanganyiko ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, na mwenye kutibiwa mapema hupona kabla ya kupoteza vidole. Nalitaja jambo hili kwa sababu kutengwa kwa watu hao kulionekana wakati wake kuwa busara, tena huruma. Waliokuwa wakitenga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hakika tu kwamba hapana njia nyingine.

Sheria zetu za leo haziko upande wa kutenga. Uganda na Kenya zote mbili ziliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka ule ule mmoja, 2008, na mkataba huo unataja elimu ya juu kwa jina. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilizungumzia kuikuza lugha ya alama ya viziwi, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tena Uganda imeweka utaratibu kwamba katika nafasi zipatazo 4,000 ambazo serikali hulipia katika vyuo vikuu vyake kila mwaka, nafasi 64 ni za wanafunzi wenye ulemavu. Hesabu hiyo si kubwa, kwani haifiki 2 katika kila 100. Hata hivyo ni nafasi zilizoandikwa, na kijana wa Tororo au Busia aweza kuzigombea.

Taabu huanza anapofika. Jina lake limo katika orodha, ada imelipwa, kitanda kipo. Kisha anasoma ratiba ubaoni na kukuta kwamba mhadhara wa saa mbili asubuhi uko ghorofa ya pili. Yule aliyepanga ratiba hakuwa na chuki yoyote naye. Alikuwa na vyumba na saa, akavioanisha, basi. Maonevu mengi ya vyuoni hufanywa hivyo, na mtu ambaye hata hajui kwamba anamwonea mwenzake.

Na wala jambo hili haliishii kwenye miguu. Mimi mwenyewe nilisoma sekondari pamoja na kijana aliyekuwa na masikio mazito. Kwa kuwa alikuwa mrefu, aliwekwa nyuma ya darasa ili asiwazibe wafupi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na tabia ya kuandika na kusema kwa wakati mmoja, uso wake umeuelekea ubao na mgongo umetuelekea sisi. Kijana yule alikuwa akifuata maneno kwa kutazama midomo; mgongo wa mwalimu haukumwambia kitu. Akiulizwa swali, alijibu lisiloulizwa, nasi tukacheka. Nasema tukacheka, kwa maana nami nilikuwamo. Alichapwa kwa ukaidi. Katika kidato cha pili hakurudi baada ya likizo, na hakuna aliyeuliza. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba yule hakuwa mjinga wala mkaidi, na kwamba dawa yake ilikuwa kiti cha mbele na mwalimu ageuke.

Kugeuka hakuhitaji fedha. Mkufunzi anayesema kwa sauti kila anachokiandika ubaoni amemsaidia kipofu. Akilirudia swali lililoulizwa kutoka nyuma kabla ya kulijibu, amewasaidia viziwi nusu na pia wale waliokuwa wamesinzia. Akitoa muhtasari wa mhadhara siku moja kabla, mwanafunzi asiyeona hupata muda wa kuugeuza katika maandishi ya nukta nundu, na yule aliye mwepesi wa kusahau hupata cha kushika. Baraza la Mitihani la Uganda huwaongezea watahiniwa wenye ulemavu dakika 45 katika kila karatasi, na sijasikia kwamba thamani ya cheti imeshuka kwa sababu hiyo.

Mambo mengine yana gharama, yafaa tukiri. Mkalimani wa lugha ya alama hulipwa mshahara, na ni haki yake. Hapa mpakani kuna ugumu wa ziada ambao watu wa Kampala na Nairobi huusahau: lugha ya alama ya Uganda na ile ya Kenya ni lugha mbili. Kijana kiziwi aliyesomea Mumias, katika shule ya viziwi iliyofunguliwa mwaka 1961, akivuka kuja kusoma upande huu atakuta mikono inasema maneno mengine. Ndugu zake wanaosikia huvuka na Kisamia chao au Kiteso chao na kueleweka papo hapo. Yeye ndiye mgeni kweli kweli.

Hapo juu nimetaja maandishi ya nukta nundu. Askari hamna budi kujua kwamba yana asili yake katika mikono ya mwanajeshi. Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa mizinga katika jeshi la Ufaransa, alibuni namna ya kuandika kwa nukta zilizoinuka ambazo mtu aweza kuzisoma kwa kidole. Husimuliwa mara nyingi kwamba nia yake ilikuwa askari wasome amri gizani bila kuwasha taa ambayo adui angeiona. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1821 mfumo wake ulifikishwa katika chuo cha vipofu mjini Paris, na humo mlikuwa na mvulana wa miaka 12 aitwaye Louis Braille. Mvulana huyo akaona kwamba nukta 12 ni nyingi mno kwa ncha ya kidole kimoja, akazipunguza zikawa 6, na alipofika umri wa miaka 15 kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa. Ofisa alileta wazo, na mwanafunzi kipofu akalisahihisha, kwa kuwa kidole kilichosoma kilikuwa chake.

Mtauliza, Afande, haya yote yanatuhusu nini sisi tuliovaa sare? Yanawahusu kuliko wananchi wengine wengi. Kazi yenu ni kazi ambayo mtu huondoka asubuhi na miguu miwili na kurudi jioni na mmoja. Pale Mubende kuna kituo cha jeshi cha askari waliojeruhiwa, na waliomo hawakuzaliwa walemavu. Wengine ni vijana bado, na mtu wa miaka 25 aliyepoteza mguu ana miaka 40 mbele yake ya kuishi na kufanya kazi. Atasomea wapi?

Swali hili liliwahi kuulizwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, nalo likajibiwa na askari wenyewe. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Illinois kilianza kuwafundisha majeruhi wa vita waliokuwa katika viti vya magurudumu, mahali paitwapo Galesburg, katika majengo ya iliyokuwa hospitali ya jeshi. Msimamizi wao alikuwa Timothy Nugent. Mwaka uliofuata tawi hilo likafungwa, na ilionekana kana kwamba masomo yao yamekwisha. Wanafunzi hao wakaenda na viti vyao hadi makao makuu ya jimbo kudai haki yao, kisha wakapelekwa katika chuo kikubwa mjini Urbana. Walihesabiwa kuwa jaribio tu. Kutokana na kazi iliyofanyika pale, mwaka 1961 Marekani ilipata kanuni zake za kwanza za vipimo vya majengo yanayoingilika na watu wote. Ile njia ya mteremko tunayoiona leo mbele ya benki na hospitali, na ambayo mama mwenye kigari cha mtoto huipanda bila kufikiri, inadaiwa kwa sehemu na askari waliokataa kurudishwa nyumbani.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Askari husimama kwenye kizuizi barabarani usiku. Mtu anakuja kwa miguu. Askari anapaza sauti: simama! Mtu haonyeshi dalili ya kusikia, anaendelea kutembea. Kila mmoja wenu anajua amri inasemaje baada ya hapo, na anajua pia jinsi kidole kinavyokuwa chepesi katika saa kama ile. Sasa ikiwa yule mtu ni kiziwi? Konstebo aliyewahi kukaa darasani na kiziwi, akaona jinsi anavyoitwa kwa kupungiwa mkono au kumulikiwa taa, atakuwa na wazo la pili kabla ya risasi. Yule ambaye hajapata kukaa naye hatakuwa nalo. Ndiyo maana nasema kwamba mwanafunzi mlemavu akiingizwa darasani, wanaofundishwa ni wengi kuliko yeye.

Na tatu ni watoto wenu. Maisha ya askari ni uhamisho. Mtoto asiyeona vizuri amezoeshwa na mwalimu mmoja, amepewa kiti chake karibu na dirisha. Inakuja barua, baba anahamishwa, na kule kwingine hakuna ajuaye lolote. Mzazi aliyechoka kueleza huamua mtoto abaki kijijini kwa bibi. Wako wengi katika nyumba za bibi. Karatasi moja iliyoandikwa na mwalimu wa zamani, ikieleza mtoto akae wapi na asomeshwe vipi, ingesafiri katika mfuko wa baba pamoja na ile barua ya uhamisho. Tena jeshi lina shule zake. Pale Rubongi, Tororo, watoto wa askari wanasoma ndani ya eneo la kambi. Kambi yenye mafundi wake haina haja ya kungoja zabuni ya wilaya ili imimine mita 3 na sentimita 60 za zege.

Wapo wanaosema kwamba walemavu wana shule zao maalumu, na huko ndiko wangefaa kubaki. Sitazidharau shule hizo. Zilifungua njia wakati ambapo hakuna mwingine aliyetaka, na kiziwi mdogo anahitaji mahali ambapo watu wote wanasema kwa mikono. Lakini shule hizo zina mwisho. Hakuna chuo kikuu cha vipofu hapa kwetu, wala ofisi ya vipofu, wala soko la viziwi. Wengine husema mlemavu atalichelewesha darasa. Mimi naona kinyume: mkufunzi anayelazimika kusema wazi, kuandika kwa herufi kubwa na kutoa muhtasari mapema, darasa lake lote humwelewa.

Nimalizie na habari ya chuo kimoja cha upande huu wa mpaka, ambacho sitakitaja. Palikuwa na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu ambaye darasa lake lilikuwa ghorofani. Wenzake wanne walikuwa wakimbeba kila asubuhi, na kumteremsha kila jioni, na wakuu wa chuo wakawasifu kwa moyo wao, nami niliposikia nikawasifu pia. Nilipokutana na mwanafunzi mwenyewe, nikamwuliza kama hana shida. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba anawashukuru sana ndugu zake wale, ila alikuwa ameacha kunywa maji asubuhi. Hakuona vema kuwaomba wamteremshe katikati ya mhadhara kwa sababu ya haja ndogo, kwa hiyo alikaa na kiu tangu alfajiri hadi jioni, siku tano za juma, kwa muhula mzima.

Habari hiyo ilimfikia karani wa ratiba. Karani huyo hakuitisha mkutano wala kuomba fedha. Alibadilisha vyumba viwili, darasa la ghorofani likaja chini na la chini likapanda, akabandika karatasi mpya ubaoni siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata mwanafunzi yule aliingia darasani kwa magurudumu yake mwenyewe, na chupa ya maji imefungwa kwenye mkono wa kiti.